Maranda ya Fundi Vitanda

Nianze na uongo wake, maana wa kwangu nitaufikia tu, hauna pa kukimbilia.

Fundi Vitanda alikuwa mwongo wa tarehe. Akikuambia njoo Ijumaa, ujue Ijumaa hiyo bado haijazaliwa. Na Ijumaa yenyewe alikuwa hafanyi kazi, ikifika saa sita mchana ameshavaa kanzu anaelekea msikitini. Watu walitoka Mbagala, walitoka Tabata, wengine na kirikuu cha mizigo cha kukodi kinawasubiri barabarani, wanafika pale Keko wanakuta kitanda chao ni mbao nne zimeegemezwa ukutani. Yeye wala hababaiki. Anakung'uta maranda kwenye kofia, anasema, "Mbao imekataa."

"Imekataa nini, mzee? Si uliniambia leo!"

"Imekataa kukauka. Sasa nikupe kitanda kibichi kije kilie usiku? Wewe ndoa yako changa, majirani watasemaje?"

Mteja aliyeanza kwa matusi anamaliza kwa kucheka, anaondoka na Ijumaa nyingine. Niliyaona hayo tangu niko darasa la kwanza mpaka naolewa. Mama yangu alikuwa anauza vitumbua hatua kumi tu kutoka kwenye ile karakana, kwa hiyo vituko vya Fundi ndiyo vilikuwa sinema yetu, tena ya bure.

Jina lake nalijua. Siliandiki kwa sababu inabidi nimwombe kwanza, na kumwomba naona haya. Mtaani alikuwa Fundi Vitanda, basi. Keko ukiita "fundi!" wanageuka watu thelathini, wa sofa, wa makabati, wa milango. Yeye alikuwa hashiki kitu kingine. Ukimletea stuli imevunjika mguu anakutazama kama umemletea mbuzi amnyoe. Alikuwa mtu wa kusini, hilo tulilijua kwa korosho alizoletewa kila msimu, na kwa jinsi alivyonuna ukimuuliza habari za kwao. Mengine sikuuliza.

Huo uongo wake uliishia kwenye tarehe. Kwenye kazi hakuujua. Ubavu wa kitanda aliuchonga ulimi, na tendegu akalitoboa tundu, halafu ulimi ukaingia tundu lake kwa kugongwa na kiganja, bila msumari hata mmoja. "Msumari ni ushahidi wa uongo," alikuwa anasema, "ukiuona ujue kuna mtu alichoka." Kitanda kikiisha anakuita ukae juu yake, ukikaa anakuambia ruka. Nimewahi kuona bibi harusi mtarajiwa, na baibui lake, anarukishwa juu ya chaga mbele ya wakwe na Fundi ameinamisha sikio anasikiliza. Kitanda kikinyamaza anatikisa kichwa, kazi imekwisha. Ndiyo maana salamu yake kwa kila aliyewahi kumtengenezea ilikuwa moja: "Kitanda kinasemaje?" Na jibu lilikuwa moja: "Kimenyamaza."

Sasa hapo kwenye maranda.

Mama alikaangia vitumbua kwenye jiko la maranda. Wa siku hizi hamlijui. Ni debe, unasimamisha chupa katikati, unashindilia maranda pembeni mpaka yanakuwa magumu, halafu unaitoa chupa polepole linabaki tundu, na moto unapita humo. Ukishindilia vizuri linawaka asubuhi nzima bila kuguswa. Kila jioni Fundi, akishafagia karakana, alimletea mama gunia la maranda. Kila asubuhi mama alimfungia vitumbua vinne kwenye gazeti. Hapakuwa na mahesabu, wala sikuwahi kusikia mmoja akimwambia mwenzake asante. Gunia linatupwa pale, vitumbua vinasukumwa kule, kila mtu na kazi yake. Mie nimelelewa na kusomeshwa na jiko lile, kwa hiyo nimelelewa na randa ya mzee yule, na hili nilikuwa nalijua vizuri sana wakati nafanya nilichofanya. Nisije nikajifanya sikujua.

Alikuwa na maudhi yake pia, msidhani nachora malaika. Alikuwa bahili wa chai. Aliwasema majirani. Mtu akisifia sofa la mwenzake mbele yake, anakohoa. Na alichukia vitu vya nje kwa maneno makali kweli kweli, wakati redio yake ya Kichina, tochi yake ya Kichina, miwani yake ya Kichina, ndala zake hizo hapo za Kichina. Siku moja mama akamchokoza: "Fundi, na wewe! Mbona mwili mzima umetoka dukani kwa Mchina?"

"Hivi sivilalii," akajibu. Akaendelea na randa yake.

Na umbo lake la kitanda, lile lililompa jina, lile lenye kichwa cha mawimbi mawili yanakutana katikati, halikuwa lake. Aliniambia mwenyewe nikiwa binti wa miaka kumi na mbili hivi, nimekaa juu ya rundo la mbao nakula embe bichi. Aliitwa kwenye nyumba kubwa ya Upanga kurekebisha mlango wa chumba, akakuta kitanda. Akarekebisha mlango, macho yako kwenye kitanda.

"Huo si wizi, Fundi?"

"Wizi. Wa macho." Hakuona aibu hata kidogo. "Lakini ukiiba kwa macho, lazima ulipe kwa mikono. Nilirudi hapa nikajaribu kukitoa. Miezi minne. Vichwa vitano niliviharibu, vikaenda jikoni kwa mama yako. Cha sita ndiyo kikatoka, na kilipotoka hakikufanana na kile cha Upanga. Kilikuwa changu."

Nilicheka tu. Embe lilikuwa tamu na pilipili.

Nilipoolewa, zawadi ya mama kwangu ilikuwa kitanda cha Fundi. Mninga mtupu. Wiki ya mwisho, mbao ya kichwa ilipokwisha kuchongwa, likatokea jicho, lile doa la fundo la tawi, upande wa kushoto chini. Fundi mwingine angejaza kwa gundi na unga wa mbao, akapaka vanishi, na mie ningekufa bila kujua. Yeye alilikata lote. Akatafuta kipande cha mpingo alichoachiwa na ndugu yake mchonga vinyago, akakichonga umbo la kashata, kadiri ya kidole gumba, akakipachika pale. Kiraka cheusi kwenye mbao nyekundu. Mie nilinuna, bibi harusi gani analalia kiraka?

"Nuna," akasema. "Vitanda kama hiki ninavyo vingi mjini, lakini chenye kiraka hiki ni chako tu. Siku kikiibwa utakijua."

Miaka kadhaa ya ndoa nimekipapasa kiraka kile kila nikikosa usingizi. Kidole changu kinaijua njia yake.

Haya. Sasa tufike.

Nilikuwa na kibanda cha mashuka na mapazia Manzese, kando ya barabara, pale mabasi ya mwendokasi yanapopita. Biashara ilikuwa ya kusukuma. Ndipo akatokea braza mmoja, rafiki wa shemeji yangu, anakwenda China na kurudi kama mie ninavyokwenda Kariakoo. Tulimwita Braza Kontena. Akanunua shuka, akakaa kwenye benchi langu, akaanza kunisomea dunia. Ati sista, wewe unauza shuka, kwa nini huuzi na kitanda chenyewe? Ati kule ukiwapa picha tu wanakutolea chochote, hata wewe mwenyewe wakitaka watakutoa. Akanionyesha kwenye simu vitanda vyao, vya kung'aa.

"Hivi watu wa Dar hawavitaki," nikamwambia. Loh, mdomo! "Watu wa hapa wanataka kile cha Keko, chenye mawimbi."

Braza akaizima simu. Kisha akasema, "Nitafutie hicho. Piga picha kila pembe. Na vipimo. Nikipata vipimo, nafungua duka hapa Manzese, utalisimamia wewe."

Picha nilipiga chumbani kwangu, asubuhi mume wangu ametoka. Nilitoa shuka, nikatoa mito, nikalivuta pazia mwanga uingie. Nilipiga kichwa, mbavu, matendegu, mpaka chaga nikiwa nimelala chini sakafuni. Vipimo nikaona futi yangu ya cherehani haitoshi, nitakosea. Nikapanda gari nikaenda Keko.

Nikamwambia Fundi nina shoga yangu Mbeya anataka kutengenezewa kitanda kama changu, fundi wa kule hajui vipimo. Alikuwa na kazi mikononi, akaiweka. Akaokota kipande cha plaiwudi, akatoa penseli nyuma ya sikio, akanichorea. Urefu wa ulimi, kina cha tundu, wimbi linaanzia wapi na linapindia wapi. Ukurasa wa siri yake yote, kanichorea kwa subira kama anafundisha mwanawe, na kila baada ya mstari ananiuliza, "Umeelewa? Atakosea hapa huyo, mwambie asifanye haraka." Alipomaliza akasema, "Mwambie huyo wa Mbeya akishindwa aje, nitamtengenezea mwenyewe." Nikasema asante Fundi. Niliondoka na kile kibao kwenye mkoba wa vitenge, na nilipopita kwa mama nilikunywa chai na vitumbua viwili, vikashuka vizuri tu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi kuliko yote, kwamba vilishuka.

Kontena lilikuja baada ya miezi. Tulifungua boksi la kwanza dukani, mie na Braza. Kichwa kikatoka kwenye nailoni, mawimbi mawili, rangi ya mninga kabisa, ukigusa ubaridi wa karatasi. Ndani yake ni unga wa mbao uliogandishwa na gundi. Na upande wa kushoto chini, kashata nyeusi.

Nikafungua boksi la pili. Kashata. La tatu. Kashata. Wale watu wa kule walipokea picha, wakachora walichokiona. Wangejuaje kwamba pale palikuwa na jicho la mti, kwamba kuna mzee alilikata kwa patasi? Wao waliona urembo. Kontena zima, kila kitanda, kiraka changu.

"Pazuri hapa," Braza akasema, anagusa. "Panakaa kama nembo."

Nikaifunika ile kashata kwa nailoni. Nikajiambia, Manzese na Keko wapi na wapi? Yule mzee akitoka Keko anakwenda msikitini na sokoni Temeke. Hatakuja kuviona.

Vikapendwa. Wateja wakaviita vitanda vya kashata. Havina Ijumaa, ukilipa leo unalala leo. Wafanyabiashara wengine wakaona, wakaagiza vyao kwa picha ileile, maana picha ikishatoka mkononi haina mwenyewe. Haikufika hata miaka mitatu, vitanda vya kashata vikashushwa Keko yenyewe, vikapangwa barabarani vikiwa kwenye nailoni zao, mbele ya karakana ya mtu aliyevibuni.

Mkiniuliza mtaa wetu ulibadilikaje, nitawaambia ulibadilika kwa sikio. Zamani ulikuwa ukishuka tu unasikia nyundo, misumeno, randa, vijana wanazozana kuhusu mpira, mama anaita "vitumbua vya moto!" juu ya hayo yote. Ulikuwa unanusa vanishi mpaka kichwa kinauma. Wafuga kuku wa Tandale walikuja na magunia yao kugombea maranda ya kutandika bandani. Mteja alikuwa anachagua mbao, anabisha bei, anaondoka, anarudi, anapewa chai, baada ya mwezi mmekuwa ndugu. Sasa mafundi wengi wa kipande kile wamegeuka wauzaji. Wamekaa kwenye viti vya plastiki wanachezea simu, na zana ya ufundi ni kile kispana kidogo kilichopinda kinachokuja ndani ya boksi. Ni kimya. Mama akiita vitumbua siku hizi hana haja ya kupaza sauti.

Lawama zilianza, maana watu si wajinga. Waliliona umbo wakajua limetoka hapa. Nani kalitoa? Wakamshuku fundi mmoja wa sofa, jirani yake Fundi, kwa kuwa alikuwa ametoka kununua pikipiki. Nilikuwepo siku hiyo, nimekuja kumwona mama. Wamemzunguka yule bwana, mmoja anasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu zangu," na mie nimeshika kikombe cha chai, nimesimama katikati yao, nimevaa nguo.

Fundi akatoka karakanani. "Mwacheni. Siye."

"Unajuaje, mzee?"

"Najua."

"Kama unamjua mtaje!"

"Nimesema siye. Hamna kazi?" Akarudi ndani.

Wakatawanyika wananung'unika kwamba mzee kazeeka. Na mie nikajiambia hivyohivyo, kazeeka, anasema tu ili ugomvi uishe. Ukiwa na kosa unakuwa mwepesi sana wa kuamini vitu vinavyokufaa.

Toka siku ile nikaanza kwenda kwa mama kwa njia ya nyuma, ya kwenye mtaro. Nikikutana naye kwa bahati mbaya naweka simu sikioni haina mtu, "Shikamoo Fundi," huku natembea. Yeye anasimama. "Marahaba, mama. Kitanda kinasemaje?"

"Kimenyamaza, Fundi!" Nimeshafika mbali.

Kilichonipa usingizi miaka yote hiyo kilikuwa gunia. Nilimnunulia mama jiko la gesi, akaliweka chini ya kitanda na boksi lake. "Gesi yako hii inaunguza nje, ndani kitumbua kibichi. Niachie jiko langu. Kwanza maranda ninayo, Fundi haniachi." Jioni gunia lilikuwa linakuja, limejaa. Mie nikafanya hesabu zangu: maranda yapo, kwa hiyo randa ipo. Randa ipo, kwa hiyo wateja wapo. Kumbe wenye akili zao bado wanaenda kwa mzee! Kumbe sikumuumiza sana! Kila nikiona gunia limeegemea ukuta wa mama, kifua kinafunguka. Nilikuwa namuuliza mama kijanja, "Fundi bado ana kazi?" na mama anajibu, "Wee! Kwa maranda haya?" Nikawa narudi Manzese nimepona, mpaka wiki inayofuata.

Mwaka huu, siku chache baada ya Idi, nilikwenda. Mama miguu inamsumbua, kavimba magoti, hata karakanani hajafika siku nyingi. Jua lilikuwa linaanza kupungua. Akaniambia, "Hebu pita kwa Fundi uniangalizie gunia, leo kachelewa."

Nilitafuta udhuru, haukuja. Nikaenda, kwa njia ya mbele.

Karakana haikuwepo. Mwenye eneo alikwishawapangisha wauza maboksi, na Fundi amebakiziwa upenyo katikati ya maduka mawili, upana wa mlango na nusu, juu mabati ya zamani. Ndani vimeegemezwa vichwa vya vitanda, saba au nane. Vyote mawimbi mawili. Vyote kashata, kushoto, chini. Mvua za masika zikiingia majumbani ule unga wa mbao unalowa, unavimba, skrubu zinang'oka, na watu wanamletea yeye avifunge na vipande vya msonobari. Mzee aliyekataa kushika stuli.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani?" Macho yameingia ukungu. Akanisogelea. "Aa, binti wa vitumbua! Kaa, kaa hapo kwenye mbao. Kitanda kinasemaje?"

"Kimenyamaza."

"Hivi vinasema," akagonga kimoja kwa nyundo, akacheka. "Usiku kucha vinasema."

Nikamwambia mama ameniagiza gunia. Akanionyesha kwa kidevu, lile pale, limejaa, limefungwa kamba. Nikaliangalia gunia, nikaangalia chini. Sakafu ilikuwa safi. Hapakuwa na randa iliyopita hapo leo wala jana. Randa yenyewe ilikuwa ukutani kwenye msumari, buibui ameshajenga kati ya mpini na ukuta.

"Fundi, hapa hupigi randa."

"Nipige nini? Hivi ukivipiga randa vinaisha mkononi kama mkate."

"Sasa haya maranda?"

"Ya Buguruni." Alisema kama anavyosema mtu habari za mvua. "Kuna mashine ya mbao pale. Nawafagilia banda asubuhi, wananiachia gunia."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu hivi vilipoanza kushushwa hapo nje."

Miaka yote ile. Mzee na ufagio, kwenye banda la vijana wasiomjua, halafu gunia begani toka Buguruni. Na mie jioni naliangalia gunia hilohilo nashukuru Mungu.

"Kila siku?"

"Jumapili hawafungui."

"Kwa nini, Fundi? Mama ana gesi, mie nilimnunulia."

"Mama yako akikosa maranda atauliza yamekwishaje," akasema. "Mie nitamjibu nini? Uongo wa Ijumaa nauweza. Huo siuwezi."

Kisha akanishika mkono, mkono wake mgumu kama msasa, akakichukua kidole changu akakiweka kwenye kashata ya kichwa kilichokuwa karibu. "Pitisha. Unasikia kitu?"

"Hapana."

"Hakuna kitu, ni picha. Chako ukipitisha kidole kinakwama kidogo, upande wa chini. Siku ile patasi ilikuwa butu, pakabaki kiupenyo, nikaona aibu kukuambia. Bado kinakwama?"

Kinakwama. Miaka yote nimekwama hapo nikikosa usingizi, nikidhani ndivyo kinavyotakiwa.

"Ulijua," nikasema.

"Maisha yangu nimepachika kiraka kimoja tu, mama. Cha kwanza kiliposhushwa hapo barabarani nilikwenda nikakigusa."

"Na hukusema."

"Niseme nini? Mama yako angeniletea vitumbua na uso gani?"

Hapo nikalia. Kulia kwa sauti, mtu mzima, wauza maboksi wanachungulia. Nikamwambia hakuna shoga wa Mbeya, hajawahi kuwepo. Nikamwambia nisamehe, nilikudanganya, nilikuuza. Akanipigapiga bega kama anaondoa vumbi.

"Vingekuja tu," akasema. "Kama si wewe, mwingine. Barabara hii haikuanza na wewe."

Maneno yaleyale niliyokuwa najiambia mwenyewe miaka yote. Nilidhani siku nikiyasikia kwa mtu mwingine nitapona. Sikupona. Yalizidi kuniuma, kwa kuwa ni yeye ndiye aliyeyasema.

Nikaanza kuropoka. Nitakutafutia eneo Manzese, Fundi. Nitakununulia mninga. Nitakuwekea bango. Nitaongea na mwenye eneo hili. Akanisikiliza mpaka pumzi zikaniishia.

"Hiyo si mikono," akasema.

Embe bichi na pilipili vya siku ile ya wizi wa macho vilinirudia mdomoni. Akaokota nyundo yake.

"Nifanye nini sasa?"

"Beba gunia, mama yako anasubiri. Mgongo wangu leo umekataa."

Nikalibeba. Kichwani sikuweza, sijabeba kitu kichwani tangu nimepata duka, nikalikumbatia kifuani. Maranda yakanimwagikia kwenye dera, kwenye shingo, yakaingia kwenye nywele za kusuka nilizolipia juzi. Nilipita mbele ya vitanda vyote vile vya barabarani. Ni hatua kumi na chache tu. Nilisimama mara mbili kupumua, na nilikuwa nawaza safari yake yote kutoka Buguruni.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, debe liko wazi, chupa ameshaisimamisha. Aliponiona alishika mdomo.

"Khe! Leo umebeba mwenyewe? Fundi yuko wapi?"

"Yupo. Kuanzia kesho nitakuwa nakuletea mie."

"Wewe? Utoke Manzese na duka lako? Kwani mwenzetu kapatwa na nini?"

Nililitua gunia, nikalifungua kamba, nikapiga magoti pembeni ya debe nikaanza kumshindilia maranda ili asiuone uso wangu. Yalikuwa makavu, mazuri, ya mbao nisiyoijua.

"Hajapatwa na kitu, mama," nikasema. "Kazi zimemzidi."

Mama akainua mikono yake miwili. "Alhamdulillahi. Mungu amzidishie."

Nikaitikia amina.